Majina Kumi na Moja Ndani ya Kisanduku

Kalemie, tarehe 11 Machi 1990

Yaya Augustin,

Kaka yangu mukubwa, ninakuandikia kwa mukono mumoja. Wa pili umemushika Pierre, meno yanamutoka na hataki kuwekwa chini. Ukiona mustari unapanda kama mulima, ujue ni yeye amevuta kiwiko changu.

Sisi wote tunapumua. Baba yao Omer yuko kwenye boti ya Moba, anarudi kila wiki mbili akinuka mazuti ya moteri na samaki ndagala. Julie ameanza shule kwa masista, na sasa anataka nyumba nzima imwite Mademoiselle. Mama anauliza kila asubuhi kama mvua imekata daraja njia ya kwenu. Umusalimie sana muke wako Viviane, ao niseme Citoyenne Kapinga, maana kwenye karatasi za serikali jina la ubatizo halipiti. Alizoea kuongeza mistari yake miwili chini ya barua yako. Mara ya mwisho sikuiona.

Sasa neno lenyewe. Unajua ninapiga mashine kwenye biro ya mradi wa ugonjwa wa usingizi. Mwezi wa Novemba timu yetu ilichukua damu ya watu 1.412, tangu vijiji vya mutoni Lukuga mpaka kambi yenu ya Bendera. Kila chupa ilipewa namba, na namba ile ile ikaandikwa kwenye fishi ya karatasi pamoja na jina. Watu wenyewe hawakupewa namba. Chupa zilienda Ulaya bila majina, njo desturi yao. Majina niliyapiga mimi kwenye mashine ya ordinatere, na yanalala ndani ya kisanduku cha nje, wanakiita diski, kinachounganishwa na mashine kwa kamba nene. Fishi tuliziweka stoo. Mwezi wa kwanza upepo wa ziwa ukabeba bati mbili za stoo, mvua ikaingia siku tatu, wino wote ukawa chai.

Wiki iliyopita jibu la Ulaya limefika: namba kumi na moja. Watu kumi na moja wana ugonjwa ndani ya damu. Dawa yao imefika pia, ya watu kumi na moja, iko ndani ya frigo ya hospitali. Namba tunazo na dawa tunayo. Hatujui ni nani.

Sababu mashine haioni tena kile kisanduku. Inawaka vizuri, inaonyesha vitu vyake vya ndani, lakini ile picha ndogo ya diski iliyokuwa inatokea juu upande wa kuume haitokei tena. Doktere aliyepanga vyote alimaliza kontra yake ya kazi, amerudi kwao. Barua ya kwenda kwake na kurudi inakula miezi mitatu, na kopi hakuacha. Timu imeondoka na magari. Papa Edouard, mukubwa wetu, ananiangalia kama vile mimi njo nimemeza hayo majina.

Hakuna mutu aliyekigusa, Yaya, ninakuapia. Doktere alibandika karatasi juu yake: kisiguswe. Sisi wote tunaijua ile karatasi.

Wewe ulikaa miaka miwili na mashine hizi kule Lubumbashi kabla ya kuingia kwenye umeme wa Bendera. Kuja siku mbili tu. Utalala kwetu, nitakupikia samaki kuhe.

Mudogo wako,
Générose


Bendera, 30 Machi 1990

Mama Julie, mudogo wangu,

Mama alisema kweli juu ya daraja. Barua yako ililala ng'ambo ya muto siku tisa ndani ya kamyo ya Pontien, yule dereva mwenye jino la dhahabu. Imefika ikiwa na harufu ya vitunguu. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini.

Huku wote wazima. Mutoto ananyonya. Viviane anasalimu.

Kuja siwezi. Turbine ya pili tumeifungua, vyuma viko chini, na chef hatoi ruhusa hata ya mazishi. Kwa hiyo mimi nitakuwa macho kwa barua na wewe utakuwa mikono. Fanya kitu kimoja kimoja na uandike unachoona, hata kama unakiona ni upuuzi.

Umeapa hakuna mutu aliyekigusa. Basi ninaacha maswali ya mikono, ninaanza na kuran ya umeme na kamba. Je, kisanduku kina taa mbele? Inawaka? Ukiweka sikio, kinavuma? Zima vyote viwili. Washa kisanduku kwanza, hesabu mpaka sitini bila haraka, halafu njo uwashe mashine. Ukiwasha mashine kwanza, inaangalia ndugu yake wakati bado amelala, inaamua hayupo, na haiulizi tena.

Ikikataa, zima tena, chomoa kamba, angalia yale meno madogo ndani ya kichwa chake. Limoja likipinda, vyote vimepotea. Yapanguse na alkoli ya hospitali, yakauke kabisa kabla ya kurudisha.

Na usikipige. Hiki si redio ya Omer.

Augustin


Kalemie, 17 Aprili 1990

Yaya,

Pasaka tumekula. Omer alifika Jumamosi na samaki mubichi, akalala, akaondoka Jumatatu. Pierre ana meno mawili na amemuuma Mama kidole, Mama anasema mutoto huyu ni wa upande wa Omer. Kikohozi kilichonishika mwezi uliopita kimepungua. Kwa kelele za Pierre ninalala masaa mane tu kwa usiku, nikibahatika matano.

Nimefanya kama ulivyosema. Taa ni ya kijani, inawaka. Kinavuma kama nyuki ndani ya chupa. Nimehesabu sitini, siku ya pili nimehesabu mia. Meno ya kamba yote yamesimama, nimeyapangusa na alkoli mpaka Papa Edouard akasema biro inanuka kama chumba cha operasyo. Picha haitokei.

Nikuambie jambo la Alhamisi. Kwenye benchi yetu alikuja Papa Nicolas, muvuvi wa mutoni Lukuga, wewe unamujua, yule aliyemufundisha Omer kushona nyavu. Alikuja kuuliza jibu la damu yake.

«Mama, muliniambia miezi mitatu. Ni ya ngapi sasa?»

«Ya tano, Papa. Bado tunatafuta.»

«Munatafuta nini? Damu yangu si ilikwisha kwenda Ulaya?»

«Ilikwisha, Papa. Jibu liko. Njo jina hatujalipata.»

Akacheka. «Jina langu? Si uniulize mimi? Ninaitwa...»

Akasinzia hapo, Yaya. Katikati ya jina lake. Kofia ikaanguka, binti yake akaiokota bila kushangaa, kama mutu aliyezoea. Nilimuuliza Papa Edouard kama hatuwezi kumupa dawa hivi hivi, kwa macho tu. Akasema dawa ile ni kali, inaua mutu asiye na ugonjwa, na kusinzia kwa muzee si jibu la damu. Namba bila jina hawezi kuchoma sindano.

Kwa hiyo ninakuuliza tena, na mara hii siombi kama mutoto: kuja. Turbine gani isiyofungwa wiki tatu? Papa Nicolas hana wiki za kupoteza.

Umeandika Viviane anasalimu. Mbona hanisalimu mwenyewe? Kama nimemukosea kitu, aniambie. Mimi na yeye hatuna tabia ya kunyamaziana.

Générose


Bendera, 8 Mei 1990

Mudogo wangu,

Ninakuandikia nikinuka moshi, nimeunguza maharagi mara ya pili wiki hii. Mvua zimepungua, mihogo ya nyuma ya nyumba imesimama vizuri. Mutoto amejigonga kidogo muguu, si kitu, anapona.

Viviane hajakasirika. Ana kazi nyingi.

Kuja siwezi bado. Mwenzangu wa kipindi amefiwa na mujomba, nimebaki peke yangu kwenye tablo ya umeme.

Nimekaa nikifikiri juu ya kisanduku chako. Taa inawaka, kinavuma, kamba ni nzima: hakikufa kwa kuran. Nyuma yake kuna matundu mawili ya kamba. Limoja lina kamba ya mashine. La pili lazima liwe na kizibo, kipande kifupi kama kichwa cha kamba kilichokatwa. Kizibo hicho njo kinasema «njia imeishia hapa». Kisipokaa sawa, maneno yanarudi nyuma na kugongana. Kitoe, kipanguse, kirudishe mpaka kibane.

Bado ikikataa, basi sijui. Ninaona vyote vikiwa sawa na mashine haioni, na jambo la namna hiyo mimi sijalikuta ila pale mutu amegeuza kitu kwa mukono. Na wewe umeapa.

Kama ni hivyo, kimekufa ndani. Usikifungue. Mwandikie doktere Ulaya, hata kama ni miezi mitatu.

Augustin


Kalemie, 12 Juni 1990

Yaya Augustin,

Salamu kutoka kwa wote. Pierre anatambaa, Julie amepoteza jino. Omer hajarudi, ziwa limekuwa na upepo. Kizibo nilikitoa, nikakipangusa, nikakirudisha mpaka kikabana. Hakuna picha.

Papa Nicolas amekufa. Walimuzika tarehe 2. Binti yake anasema alikuwa anakula ugali, akalala na tonge mukononi, na hawakuweza kumuamsha. Siku mbili hivyo, ya tatu akaacha kupumua. Nimekaa kwenye kilio siku zote, nimechota maji, nimeosha sahani, na kila mama aliyenipa mukono alisema, asante wewe wa biro, ulimupokea vizuri. Nilikuwa ninataka ardhi ifunguke.

Nilikuapia uongo.

Tarehe 19 Februari alikuja mutu wa serikali, jina lake Anatole, kufanya inventeri ya vitu vya mradi. Alikuwa na kopo la rangi nyeupe na burashi. Kila kitu alikipaka namba: meza ikawa moja, kabati mbili, na kuendelea. Mashine ikawa sita, kisanduku saba. Akapaka saba kubwa juu yake, halafu akakigeuza kuangalia nyuma.

«Citoyenne, kitu hiki kina namba gani?»

«Saba. Umeipaka sasa hivi, rangi haijakauka.»

«Na hii?»

Nyuma kulikuwa na kidirisha kidogo kama ukucha, ndani yake namba. Ilikuwa tano.

«Kitu kimoja, namba mbili? Mukubwa wangu atasema vilikuwa viwili nikakula kimoja. Sisaini.»

«Doktere alikataza kukigusa.»

«Doktere wako njo serikali?»

Papa Edouard alikuwa hospitali. Pierre alikuwa anapiga kelele mugongoni tangu asubuhi. Nilitaka mutu yule atoke. Nikachukua ncha ya kalamu ya biki, kando ya kidirisha kulikuwa na kitufe, nikabonyeza. Tano ikawa sita. Nikabonyeza tena, ikawa saba. Akafurahi, akasaini, akaomba maji ya kunywa. Kesho yake asubuhi nikawasha, na picha haikutokea.

Nilijua na sikujua. Nilijiambia: namba ile ni kama namba ya ukurasa, haiwezi kufanya mashine kuwa kipofu. Nilifikiri kuirudisha, nikaogopa. Inventeri imesainiwa, kisanduku ni saba, na mutu anayebadili namba ya serikali tunajua analala wapi. Niliogopa pia Papa Edouard. Kazi hii njo inatulisha wakati boti haitembei. Kisha umeniuliza kwa barua, na kila barua iliyopita ilifanya uongo uwe mukubwa zaidi, mpaka ukawa mukubwa kuliko mimi.

Uniambie kama ile namba ni kitu. Kama si kitu, nitajua angalau hilo. Siirudishi kwa mukono wangu mwenyewe mara ya pili bila neno lako, nisije nikaua na kumi wengine.

Na wewe pia, Yaya. Kwanza turbine, halafu mujomba wa mutu. Mwanaume aliyeoa miaka sita hajaunguza maharagi mara mbili kwa wiki kama bibi yake yuko jikoni. Mutoto wa miezi minane anajigonga wapi muguu? Mimi nimesema langu. Sema lako.

Générose


Bendera, 20 Juni 1990

Générose,

Barua yako imefika saa hii. Ninajibu nikisimama, karatasi iko juu ya bodi ya kamyo, Pontien anangoja na moteri inawaka.

Zima vyote viwili. Rudisha tano. Washa kisanduku, hesabu sitini, washa mashine.

Namba ile ni kitu. Kila kitu kwenye kamba ile kina namba yake ya kuitwa, na saba ni ya mashine yenyewe. Tangu Februari mashine inaita saba na inajiita yenyewe. Majina hayakuguswa, yako mule mule. Ungeniambia mwezi wa tatu, ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Nilikuwa nimeandika hapa maneno mengine, makali. Nimechana karatasi ile. Sina haki.

Turbine ya pili haikufunguliwa. Hakuna mujomba aliyekufa. Tangu mwezi wa kwanza Viviane analala muchana. Analala jembe likiwa mukononi, analala mutoto akinyonya. Mwezi wa tano alilala mbele ya moto, sufuria ikamwagika, mutoto akaungua muguu. Usiku hapati usingizi, anatembea nyumbani. Dispanseri wamemupa dawa ya malaria mara tatu. Wamama wa kambi wanasema anakunywa pombe ya lutuku, na ndugu zake wananiuliza nimemufanya nini. Niliona haya kuandika. Siwezi kumuacha peke yake na mutoto hata siku moja, njo sababu sikuja.

Timu yenu ilichukua damu yake Novemba. Nilikuwa nimeshika mukono wake wakati sindano inaingia. Barua zote hizi nilikuwa ninakusaidia kufungua kisanduku na ninaomba Mungu kisifunguke.

Pontien anapiga honi.

Augustin


Kalemie, 27 Juni 1990, saa tano asubuhi

Yaya,

Namba 862: Kapinga, mwanamuke, miaka 26, Bendera, kambi ya umeme, nyumba ya 14.

Nilirudisha tano saa mbili. Papa Edouard alikuwa amesimama nyuma yangu, nilimuita mwenyewe, nikamwambia yote kabla ya kugusa: Anatole, kitufe, kiapo. Tukahesabu sitini pamoja, yeye kwa sauti. Picha ikatokea kule juu kuume, ndogo, kama haikuwa imeondoka. Nilianza kulia, akaniambia, «Lia baadaye. Toa liste ya majina mara mbili, moja ya hospitali, moja ya ukuta.» Juu ya kazi yangu atasema wakati wagonjwa wamefika. Nimemwambia sitangoja aniite, nitakuja mwenyewe. Liste nimeitoa mara tatu, moja nimeweka kwenye sanduku la nguo zangu.

Namba 311 ni Papa Nicolas. Jioni nitakwenda kwa binti yake. Nitamwambia kwa mudomo wangu, hata kama atanifukuza mbele ya watu. Wengine tisa, vijana wa hospitali wameondoka na baiskeli kuwatafuta, wawili wamekwisha kupatikana.

Wa kumi unaye nyumbani kwako.

Sikiliza sasa, na usinijibu kwa barua. Barua hii imeletwa na Pontien mwenyewe. Nimemwambia asirudi Kalemie bila ninyi watatu, na ameapa kwa jino lake. Mupande leo. Chef akikataa, mwonyeshe karatasi niliyoweka ndani, ina muhuri wa hospitali. Papa Edouard anasema kwa mutu anayetembea na kusema jina lake bado kuna njia, lakini njia hiyo haingoji. Sindano ni kali na ni za siku nyingi. Utakaa hapa, tutashika zamu mimi, wewe na Mama.

Mutoto umubebe wewe. Viviane akae katikati, kati yako na Pontien, asikae upande wa mulango. Umufunge na kitenge kwenye kiti, kifuani, si tumboni. Akilala mwache alale, ila kila mukisimama umuulize jina lake, na ungoje mpaka alimalize.

Wamama wa kambi wakitoka kuangalia, mwambie Viviane asifunike uso. Ana ugonjwa wenye jina, na jina lake liko kwenye liste.

Salamu sikuandika, nimeziacha makusudi. Ziko hapa mulangoni. Nitazisema kwa mudomo, wewe kwanza, halafu yeye, polepole, hata akisinzia katikati nitaanza upya.

Générose